Kumwita Xenaro

Dereva wa gari la mizigo alikuta mabegi matatu kwenye ngazi za mlango. Aliyafunga lebo tatu, akabaki na ya nne mkononi.

“Mama, mimi nimeandikiwa wasafiri wanne,” alisema. “Begi la mtu wa nne liko wapi?”

“Mume wangu hana begi,” alijibu Obdulia.

“Hata la mswaki?”

“Mwaka wa pili huu hajapiga mswaki.”

Dereva alimtazama yule mama aliyevaa nyeusi kuanzia kitambaa cha kichwa hadi soksi. Kisha akavua kofia.

“Kumbe mnakwenda kwa Mtakatifu Andrea. Niwie radhi, mama. Bibi yangu naye tulimpeleka hivyo hivyo, ila sisi tulipanda basi.” Aliifunga lebo ya nne kwenye begi la Obdulia, kando ya lebo yake, akapakia mizigo na kuondoka.

Sabela, mke wa Amaro, mwana wa Obdulia, alikuwa mlangoni akifunga kamba za viatu, akicheka chini chini. Safari hii aliilipia yeye, kwa mshahara wake wa duka la dawa mjini Ferrol. Likizo yake alitaka kuimalizia kusini, alale mchangani wiki nzima asimwone mgonjwa. Lakini mama mkwe wake alikuwa ametangaza mezani kwamba mwaka huu anampeleka mumewe Xenaro kwa Mtakatifu Andrea, kwa miguu, hata kama atakwenda peke yake na fimbo. Sabela alimwangalia jinsi anavyoinuka kitini kwa kushika meza, akajua kwamba pwani hataiona. Alitafuta kampuni inayopanga matembezi kama hayo: unalipa, wanakuwekea vyumba njiani, wanakubebea mizigo, wanakutumia ramani kwenye simu, nawe unatembea mwenyewe bila kiongozi. Aliagiza nafasi nne. Msichana wa kampuni, aliyekuwa akipiga simu kutoka Madrid, aliuliza kama yupo msafiri mwenye masharti ya chakula.

“Huyo wa nne zamani alikatazwa chumvi,” Sabela alimjibu. “Siku hizi hana masharti.”

Kwa Mtakatifu Andrea wa Teixido ni mwisho wa nchi, juu ya majabali ya bahari, na kila mtu wa upande wetu lazima afike mara moja. Xenaro alikuwa akisema atakwenda mwaka ujao, na mwaka ujao ulimkuta hospitali. Mtu wa namna hiyo haachwi. Siku ya mkesha wa safari, mmoja wa nyumbani kwake huenda makaburini, hugonga jiwe, humwita kwa jina na kumwambia siku na njia. Tangu hapo marehemu yumo safarini. Hupewa kiti, sahani na kitanda, na kwenye basi hukatiwa tiketi. Wenzake hutembea wakitazama chini, wasije wakamkanyaga mjusi au mdudu, kwa sababu njia ile ina wafu wengi wanaosafiri katika maumbo hayo.

Kazi ya kumwita Xenaro ilikuwa ya Amaro, mtoto wake wa pekee.

“Ulimwita jana?” Obdulia alimuuliza alipokuwa akifunga mlango.

“Nilimwita.”

“Ukamwambia tunapitia Cedeira?”

“Mama, twende, jua linapanda.”

Walikwenda.

Njia ilipita kati ya mashamba ya mahindi na misitu ya mikaratusi, ikivuka vijito kwenye mawe ya kale. Amaro alitangulia na simu mkononi, akitangaza kushoto na kulia kama askari wa barabarani, ingawa mishale ilikuwa imepakwa rangi kwenye kila ukuta. Sabela alifuata. Nyuma yao alikuja Obdulia na fimbo yake, akishika upande wa kulia wa njia ili upande wa kushoto ubaki wazi. Huko kushoto ndiko alikoongea.

“Paa la ghala tumelitengeneza, Xenaro. Fundi ni yule yule mlevi, lakini safari hii alikuja asubuhi. Delfina amepanda mikaratusi mpaka kwenye mpaka wetu. Nilimwambia, akasema miti haijui kusoma ramani. Sasa wewe mwenyewe utamwambiaje mtu kama huyo?”

Alimweleza kuhusu bei ya mkate, kuhusu padri mpya, kuhusu Sabela kupandishwa cheo. Alimweleza hata kuhusu nyonga yake, ambayo daktari alitaka kuipasua msimu wa majani kudondoka, na jinsi alivyomwahidi daktari kwamba atakubali akishamaliza shughuli ya Teixido. Jambo moja tu hakuligusa, nalo ni ng’ombe. Kila mazungumzo yake yalipokaribia zizi, Amaro aliongeza mwendo.

Alasiri ya kwanza walipitwa na vijana wawili wenye mizigo mikubwa migongoni. Mmoja wao aliwatazama mikono mitupu, akampiga mwenzake kiwiko.

“Waone mahujaji wa kubebewa! Dhambi zenu nazo ziko kwenye gari?”

Amaro aliona haya, akajifanya anasoma ramani. Obdulia aliegemea fimbo yake.

“Mimi nina mume wangu hapa, na alikuwa mtu wa kilo mia,” alisema. “Ninyi mmebeba nini zaidi ya nguo chafu?”

Vijana walitazama upande wa kushoto wa njia, wakasalimu kwa adabu na kuondoka haraka. Sabela alicheka mpaka akakaa kwenye jiwe. Jioni hiyo, katika nyumba ya wageni, sahani nne ziliandaliwa bila swali lolote, na Obdulia alilala upande wa kulia wa kitanda kikubwa, akiacha mto wa pili bila kuuegemea. Asubuhi aliamka mchangamfu. Alisema hajalala hivyo tangu mazishi.

Siku ya pili ilikuwa ndefu na mvua iliwakuta wakishuka Cedeira. Nyumba yao ya usiku ilikuwa karibu na mto, na mwenye nyumba alikuwa mama mnene mwenye aproni, jina lake Carme. Alipowaona, alihesabu kwa macho, akasoma karatasi ya kampuni, akamtazama Obdulia mavazi yake.

“Wa nne ni bwana?”

“Ni bwana.”

“Basi nitampa kiti cha karibu na jiko. Wote wanafika wakilalamika baridi.”

Chumba cha chakula kilijaa watembeaji waliolowa. Carme alileta bakuli la supu ya viazi na majani ya kabichi, mkate, na chupa ya mvinyo mweupe. Sahani ya Xenaro aliiweka kwanza, na kijiko chake, na glasi yake. Obdulia alikata kipande cha mkate cha upande wa ganda, kama Xenaro alivyopenda, akakiweka kando ya sahani ile. Akaanza kumsimulia juu ya mvua kana kwamba hakunyeshewa pamoja nao, akisahihisha maelezo yake mwenyewe na kucheka.

Ndipo mlango ulipofunguka akaingia mtembeaji mmoja aliyechelewa, mtu wa Valencia, maji yakimtiririka puani. Carme alimpa supu yake palepale, kwa huruma. Yule bwana alisimama katikati ya chumba na bakuli la moto mikononi, akitafuta pa kukaa. Viti vyote vilikuwa na watu, isipokuwa kimoja. Bakuli lilikuwa linamuunguza. Alikuwa akilihamisha kutoka mkono huu kwenda mkono ule.

“Kaa hapa, kaka,” Amaro alimwambia, akikivuta kile kiti. “Hapa hakuna mtu.”

Obdulia aliacha kucheka.

“Hapa nini?”

Amaro alibaki ameshika mgongo wa kiti. Angeweza kusema kwamba ulimi umeteleza, na huenda mama yake angemwamini. Lakini alikuwa amechoka, na kwa siku mbili alikuwa amemsikiliza akiongea na upande wa kushoto wa njia.

“Mama,” alisema kwa sauti ndogo. “Sikumwita.”

“Uliniambia ulimwita.”

“Nilikwenda makaburini. Nilimkuta Delfina anasugua kaburi la mumewe. Nikasubiri aondoke, hakuondoka. Nikaona haya kusimama pale nikiongea na ukuta mbele yake. Nikaenda baa, nikanywa kahawa, nikarudi nyumbani.”

“Ukaja kunidanganya.”

“Nikakudanganya.”

Watembeaji wageni hawakuelewa wamesikia nini, lakini watu wa upande wetu, ambao walikuwa meza mbili, waliinamisha vichwa kwenye supu zao. Obdulia aliitazama sahani, kisha mkate.

“Siku mbili,” alisema. “Siku mbili nimeongea na hewa. Nimeuachia upepo nafasi kitandani.”

Bwana wa Valencia aliweka bakuli lake kwenye dirisha na kuanza kula amesimama. Carme alikuja polepole, akifuta mikono kwenye aproni. Hakumwangalia Amaro. Aliondoa kijiko, akaondoa glasi, akaondoa sahani. Aliondoa hata kipande cha mkate. Sahani huwekewa mtu, na mtu hakuwapo. Katika nyumba ile, mbele ya wageni wote, hakuna tusi ambalo lingemuumiza Amaro kuliko meza ile iliyofutwa kwa kitambaa mpaka ikakauka.

“Sasa unaweza kukaa, bwana,” Carme alimwambia mtu wa Valencia.

“Ninashukuru,” alisema yule bwana, “ila naona afadhali nisimame.”

Sabela alimfuata mumewe hadi kwenye kibaraza cha nyuma, ambako viatu vya watembeaji vilikuwa vimepangwa vikauke maji. Alikuwa na hasira yake mwenyewe, na hakuificha.

“Nimeacha pwani kwa ajili ya hili. Nimelipia kitanda cha baba yako. Nimemwambia msichana wa Madrid habari za chumvi. Wewe umeshindwa kugonga jiwe?”

“Delfina alikuwepo.”

“Delfina! Ingekuwa Delfina, ungekwenda baada ya chakula. Makaburi hayafungwi. Hukumwita kwa sababu ya wale ng’ombe.”

Amaro aliinua kiatu kimoja, akakimwaga maji, akakirudisha.

Jambo hilo wote watatu walilijua, na hakuna aliyelisema. Xenaro alipolazwa, alimwachia Amaro ng’ombe sita. Amaro alikuwa na zamu zake kwenye ghala la kiwanda cha meli, na baada ya wiki tatu za kukamua alfajiri aliwauza wote kwa dalali. Baba yake alipata habari kutoka kwa mgonjwa wa kitanda cha jirani, ambaye dalali alikuwa shemeji yake. Amaro alipokwenda kumwona, Xenaro aligeukia ukuta. Siku mbili baadaye alikufa, akiwa bado ameelekea huko.

“Nikimwita, nitamwambia nini?” Amaro alisema. “Amka baba, twende matembezini? Aniulize ng’ombe wako wapi?”

“Mwambie wako wapi.”

“Sijui wako wapi, Sabela. Ndiyo maana.”

Mlango ulifunguka, na Obdulia akatoka na fimbo yake. Macho yake yalikuwa makavu. Alikuwa amejifunga upya kitambaa cha kichwa, kwa fundo la mtu mwenye kazi ya kufanya.

“Nimemuuliza Carme,” alisema. “Kuna basi la asubuhi linalokwenda mpaka kwetu, na kuna lingine linalorudi kabla ya mchana. Utakwenda, utamwita baba yako, utamleta.”

“Mama, kesho ndiyo siku ya mwisho. Gari la kampuni linatuchukua Teixido jioni. Sabela anarudi kazini Jumatatu.”

“Ndiyo maana utapanda la kwanza.”

“Na njia ya siku mbili? Huyo mzee ataikosa?”

“Baba yako alikuwa na magoti mabovu na hakupenda kutembea hata kwenda kanisani. Mpaka Cedeira ataletwa na basi, tena atafurahi. Ila milima ya mwisho ataitembea, kama kila mtu.”

“Kwa nini usimwite wewe?” Amaro aliuliza. “Mlikuwa mkipatana.”

Obdulia alimsogelea.

“Mimi? Mimi nikimwita atakuja kabla sijamaliza jina. Unadhani nilikutuma wewe kwa sababu ya nyonga? Kutoka nyumbani mpaka makaburini naweza kutambaa.” Alipiga fimbo chini mara moja. “Mimi na Sabela tutatangulia polepole. Tutakaa kwenye msalaba wa mawe, pale juu, kabla ya mteremko. Kanisani siingii bila yeye. Usipokuja naye, nitageuka palepale nirudi nyumbani, na safari nyingine ya kwenda Teixido haimo katika miguu hii. Umenisikia?”

“Nimekusikia.”

“Basi nenda ukale. Na umwombe radhi yule bwana aliyekula amesimama.”

Makaburi ya parokia yetu ni kuta nyeupe zenye vyumba vya majeneza vilivyozibwa kwa jiwe, vinne kwenda juu, na Xenaro alikuwa katika cha tatu. Amaro alifika na mfadhaiko wa mtu anayekwenda kukopa. Alikuwa ameomba moyoni pasiwe na mtu. Delfina alikuwepo, juu ya ngazi ya mbao, akibadilisha maua ya mumewe.

“Mbona umerudi?” aliuliza. “Si mko njiani?”

“Nimesahau kitu.”

“Umemsahau nani, unataka kusema.” Delfina alishuka ngazi. “Siku ile nilikuona ukizungukazunguka kama mwizi wa mishumaa. Nilikaa makusudi. Nikasema, huyu akitaka kumwita baba yake atamwita, nikiwepo au nisiwepo.”

“Bibi Delfina, nakuomba uniache kidogo.”

“Nikuache uende baa tena? Gonga jiwe, mwanangu. Mimi huku nina maua yangu.”

Amaro aliinua mkono, akagonga mara tatu. Jiwe lilikuwa baridi na lilitoa mlio wa mlango wa kabati.

“Baba,” alisema.

“Sauti!” Delfina alisema bila kugeuka. “Alikuwa kiziwi wa sikio la kushoto, na hilo ndilo lililo upande wako.”

“Baba!” Ndege wawili waliruka kutoka kwenye mnara. “Baba, Xenaro wa nyumba ya Obdulia! Amka. Leo tunakwenda kwa Mtakatifu Andrea. Mama na Sabela wameshatangulia. Tunapanda basi hadi Cedeira, kisha tunatembea. Nimekuja kukuchukua.”

Hayo ndiyo maneno yaliyotakiwa, na alikuwa ameyasema yote. Angeweza kuondoka. Alitazama herufi za jina la baba yake, ambazo yeye mwenyewe alizilipia, na akagundua kwamba tangu azilipie hajawahi kuzisoma.

“Na ng’ombe niliwauza mimi,” alisema, kwa sauti ile ile. “Wote. Hata yule mweupe. Bei ilikuwa mbaya na dalali alijua kwamba nina haraka. Kama una la kusema, utasema njiani. Lakini njoo.”

Delfina aliacha maua yake.

“Sasa ndiyo umemwita,” alisema. Baadaye, alipokuwa akipita mbele yake, aliongeza, “Na mwambie ile mikaratusi nitaikata.”

Kwenye kituo Amaro aliomba tiketi mbili. Dereva alikuwa mtu mzima mwenye masharubu, na alichungulia nyuma ya Amaro.

“Mbili? Namwona mmoja.”

“Mwingine ni baba yangu. Tunakwenda Teixido.”

Dereva alikata tiketi mbili, akapokea nauli kamili ya wawili, kisha akageuka na kumwita bibi mmoja aliyekuwa ameweka kapu la mayai kwenye kiti cha upande wa pili wa ujia.

“Mama, toa kapu hapo. Pana mtu anakuja.”

Bibi alilichukua kapu akalipakata. Amaro alimpisha baba yake dirishani, kwa sababu Xenaro alipenda kutazama mashamba ya watu na kuyatia kasoro. Basi lilijaa kituo baada ya kituo. Watu walisimama kwenye ujia wakishikilia mabomba, na kila aliyekitazama kile kiti alimtazama Amaro, kisha dereva, kisha akatafuta bomba. Hakuna aliyeuliza. Basi lilipopita kwenye shamba moja lenye ng’ombe wa maziwa, Amaro aliona kwamba ni wanono na wanatunzwa vizuri. Akafungua mdomo, akaufumba. Kilomita chache mbele aliufungua tena.

“Yule wa mbele hakuwa mzuri kama wetu,” alisema kwa sauti ya chini.

Bibi mwenye mayai aligeuza uso kwenye dirisha lake, ili waongee bila kusikilizwa.

Msalaba wa mawe uko mahali ambapo milima inaishia na bahari inaanza mbali chini, kijivu na pana. Asubuhi nzima palikuwa na ukungu. Obdulia na Sabela walifika kwa hatua za mzee, wakasimama mara nyingi, wakapitwa na kila mtu. Sasa ukungu ulikuwa umepanda, na farasi wa mwituni walikuwa wakila majani kwenye mteremko. Chini kabisa paa za Teixido na mnara mfupi wa kanisa vilionekana.

Walikula mkate na jibini ambavyo Carme aliwafungia. Watembeaji walipita makundi makundi. Bwana wa Valencia alipita pia. Alisimama, akavua kofia.

“Bado hawajafika?” aliuliza.

“Bado,” alisema Obdulia.

“Watafika, mama.”

“Mwanangu atafika. Ninayemngoja ni mwingine.”

Yule bwana aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyezaliwa huku, akaendelea na safari.

Kutwa nzima Obdulia hakuwa ameongea na upande wa kushoto. Sabela aliliona hilo na lilimsumbua kuliko alivyotegemea. Alijaribu kulijaza pengo. Alisimulia habari za dukani, za mgonjwa aliyemeza dawa ya masikio na yule aliyejipaka dawa ya kikohozi. Mama mkwe wake alisikiliza kwa upole wa mtu anayesikiliza redio ya jirani.

“Na akija akasema amemwita?” Sabela aliuliza hatimaye. “Utajuaje? Juzi alisema hivyo hivyo.”

“Nitajua.”

“Kwa vipi?”

“Nimekaa na baba na mwana nyumba moja miaka arobaini, binti yangu.”

Kivuli cha msalaba kilikuwa kimeshavuka njia. Sabela alitazama simu. Gari la kampuni lilikuwa limeshafika chini na dereva alikuwa ameandika kwamba anawasubiri. Alikuwa anatafuta namna ya kumwambia mama mkwe wake habari hiyo, ndipo upepo ulipogeuka na kuleta sauti kutoka nyuma ya kilima, upande wa Cedeira. Ilikuwa sauti ya mwanamume, ya hasira, inayopanda mlima na kukosa pumzi kila baada ya maneno machache.

“... nani angewakamua? Nani? Mimi nilikuwa natoka zamu saa kumi na mbili asubuhi! ... La, hapana, wewe ngoja nimalize. Siku zote hukuniacha nimalize ... Ndiyo, yule mweupe alikuwa na mimba. Najua. Unadhani sijui? Nilimpandisha kwenye lori kwa mkono wangu huu, na alikuwa ananilamba ... Basi ungenipigia simu! Hospitali ina simu, baba! Ungenipigia ukaniambia usiuze, badala ya kugeukia ukuta kama ...”

Sauti ilikatika. Ikafuata kimya kirefu, kana kwamba mtu wa pili amepewa zamu yake. Kisha ilianza tena, chini zaidi, na maneno hayakusikika.

Sabela alisimama. Hakuna aliyeonekana bado juu ya ukingo wa kilima.

“Yuko peke yake,” alisema. “Anagombana peke yake. Mama, ngoja nikampokee.”

Obdulia alimshika mkono wa sweta akamzuia. Uso wake ulikuwa umelainika wote, na kwenye kona za mdomo palikuwa na ile dharau tamu ambayo mke huwa nayo akisikia wanaume wake wakibishana zizini wakati chakula kinapoa.

“Peke yake?” alisema. “Huyo hajawahi kugombana hivyo na mtu mwingine hapa duniani.”

Alijikung’uta makombo ya mkate, akainuka kwa kushika jiwe, akaukataa mkono wa Sabela. Alitazama mara moja nyuma, mahali njia inapotokea, kisha akaugeukia mteremko wa Teixido na kutanguliza fimbo.

“Twende, ila polepole,” alisema. “Wasije wakatufikia kabla hawajamaliza.”